Sauti Ikikauka: Namna ya Kufanya Tiba ya Sauti na Mtaalamu Ukiwa Tabora

Nikikutana na mwalimu mwenzangu mjini, salamu hazijaisha tayari kashika koo. "Mwalimu, si na wewe ulikuwa hivihivi? Ulikunywa nini?" Sikunywa kitu. Nilifanya mazoezi, nikielekezwa na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, kwa miezi mitatu na siku kadhaa. Jibu hilo huwakata watu maini, maana walitegemea jina la kidonge au la mzizi. Halafu yanafuata maswali yaleyale: huyo ni daktari? Yuko wapi? Anakufanyia nini? Inauma? Nimechoka kuyajibu nusunusu kando ya barabara, na kusemea kando ya barabara huku bodaboda zinapita ndiyo kazi mbaya kuliko zote kwa koo. Nayaandika hapa yote kwa mpigo.

Ujue tu kwamba anayekuandikia ni mgonjwa aliyepita njia hiyo. Nafundisha darasa la tatu shule ya msingi hapa Tabora, na nilikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Ni kama sugu ya mkulima kwenye kiganja, ila yangu ilikuwa kooni, imeletwa na kupaza sauti mwaka nenda mwaka rudi. Kabla ya kujulikana hivyo, zahanati moja nisiyoitaja ilinipa antibayotiki mara tatu. Sugu haitibiwi kwa antibayotiki. Wanafunzi walishaanza kunicheka. Mmoja alimwambia mwenzake, akidhani sisikii, kwamba Mwalimu anaongea kama redio iliyopoteza stesheni.

Kwanza, nani haruhusiwi kuanzia hapa

Usianze mazoezi yoyote ya mwongozo huu kama una mojawapo ya haya: unapumua kwa shida au pumzi inatoa mluzi, unakohoa damu, kumeza kunauma au chakula kinakwama, kuna uvimbe shingoni, unakonda bila sababu, unatoka jasho usiku na kikohozi hakikomi, au sauti ilipotea ghafla baada ya operesheni ya shingo, kwa mfano ya goita. Hayo ni ya kwenda hospitali leo, si kesho. Kifua kikuu kinaweza kukaa hata kooni, na saratani ya koo mara nyingi hujitangaza kwa sauti kukwaruza, hasa kwa mvutaji wa sigara. Mtoto mwenye sauti ya kukwaruza na pumzi yenye kelele naye asingojewe.

Kama huna dalili hizo, lakini umepwewa na sauti zaidi ya wiki nne, bado unahitaji kuchunguliwa koo. Mafua ya kawaida huondoka na ukavu wake ndani ya wiki mbili hivi. Ikizidi hapo, acha kubahatisha.

Vitu vya kuwa navyo

Si vingi. Daftari dogo na kalamu. Simu yenye kurekodi sauti. Mirija miwili mitatu ya kunywea soda, glasi, na maji safi. Saa yenye mshale wa sekunde, au ya kwenye simu. Chupa ya maji ya kutembea nayo. Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za presha na ya kuvuta ya pumu, kwa sababu baadhi huleta kikohozi au hukausha koo. Na nafasi ya dakika tano, mara nne au tano kwa siku. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuipata kuliko mirija.

Hatua ya 1: Koo lichunguliwe

Tiba ya sauti haianzi kwa kukisia. Mkwaruzo uleule unaweza kuwa vinundu, uvimbe wa maji, uzi mmoja uliopooza, au misuli tu iliyokaza. Kwa kusikiliza tu, hata mtaalamu mzuri hawezi kuapa ni kipi.

Anayechungulia ni daktari wa masikio, pua na koo. Ukiwa Tabora mjini anzia Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Wenzetu wa Kigoma waanzie Maweni. Piga simu au ulizia mapokezi kama daktari huyo yupo na siku zake ni zipi. Akikosekana, omba barua ya rufaa. Wengi wetu huku magharibi huishia Bugando kule Mwanza, wengine Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla hujapanda basi, uliza mambo mawili: kama kipimo cha kamera ya koo kinafanyika siku unayofika, na kama bima yako inakilipia.

Kamera yenyewe ni mpira mwembamba unaopita puani. Hupuliziwa dawa ya ganzi kwanza, yenye uchungu, inayoteremka mpaka nyuma ya ulimi. Mimi machozi yalinitoka, ila maumivu hapana. Daktari atakwambia useme "iiii", uvute pumzi, useme tena. Dakika mbili tatu, imekwisha. Usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, kama saa nzima hivi. Ukimeza koo likiwa na ganzi unaweza kupaliwa vibaya.

Hapa watu hukosea: wanatoka na cheti kilichoandikwa dawa tu. Omba maelezo ya kile kilichoonekana, kwa maandishi. Kama kuna picha au video, omba uirekodi kwa simu. Mtaalamu wa sauti atakuuliza hivyo kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 2: Mpate mtaalamu, na muulizane

Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha kwa kawaida si daktari. Hakuandikii dawa wala hafanyi operesheni. Mimi nilimwita "daktari" siku nzima ya kwanza, mwisho akacheka: "Mwalimu, mimi ni mwalimu kama wewe, ila somo langu ni koo." Wako wachache nchini, na wengi wao wanashughulika na watoto waliochelewa kusema au watu waliopata kiharusi. Kwa hiyo muulize bila aibu: umewahi kutibu watu wazima wenye tatizo la sauti? Utaniona mara ngapi? Tukishaonana ana kwa ana, twaweza kuendelea kwa simu ya video?

Hilo la simu ndilo litakalookoa nauli yako. Mimi nilikwenda Mwanza mara mbili tu, kwa kupitia Nzega na Shinyanga, basi la alfajiri. Vikao vingine sita vilifanyika nikiwa chumbani kwangu Isevya, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari.

Kwa vinundu na misuli iliyokaza, wagonjwa wengi huambiwa vikao kati ya sita na nane, kimoja kwa wiki. Magonjwa mengine yana utaratibu wake. Kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, ambao sauti yao hufifia, kuna tiba maalumu ya kupaza sauti inayofanywa siku nne kwa wiki, wiki nne mfululizo. Usichukue ratiba ya mtu ukampa mwingine.

Hatua ya 3: Siku saba za daftari

Kabla ya kikao cha kwanza, andika wiki nzima. Asubuhi sauti ikoje, mchana ikoje, usiku ikoje; jipe alama 0 hadi 10. Andika ulisema wapi na kwa muda gani: darasani, kwaya, kwenye simu, sokoni, juu ya pikipiki. Andika maji uliyokunywa, saa ya chakula cha usiku na saa ya kulala, na mara ngapi umejikohoza kusafisha koo.

Daftari langu lilinifedhehesha. Nilikuwa naapa kwamba darasa ndilo linaloniua. Kumbe siku mbaya zaidi ilikuwa Jumapili: kwaya asubuhi, kisha kumsimulia dereva bodaboda habari zote njiani mpaka nyumbani, upepo unapiga, injini inalia, nami napiga kelele kama mnadani.

Usidanganye kwenye daftari. Kama unavuta sigara au ugoro, andika. Kama unakesha kwenye bani la kukaushia tumbaku, au unapikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, andika. Moshi ni moshi.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza

Usipumzishe sauti wiki nzima ili ufike ukiwa mzuri. Mtaalamu anataka kuisikia ilivyo.

Atakuuliza maisha yako, kazi yako, wanaokusikiliza ni wangapi. Atakupa maswali ya kujaza, namna sauti inavyokukwamisha: watu hukwambia urudie? Unakwepa simu? Atakurekodi ukisoma. Atakwambia uvute pumzi na kushikilia "aaaa" mpaka iishe, akipima kwa saa. Mtu mzima mwenye koo salama mara nyingi hufika sekunde 15 hadi 25. Mimi niliishia saba, nikaona haya. Atakwambia pia ushikilie "sss" halafu "zzz". Ukifika mbali kwa "sss" lakini "zzz" inakatika mapema, ni dalili kwamba nyuzi hazifungi vizuri na pumzi inavuja. Kisha atagusa shingo yako kuona misuli imekaza wapi.

Mwambie unachotaka kwa jambo unaloweza kulipima. "Nataka sauti nzuri" haimsaidii. "Nataka kufundisha vipindi sita na jioni niweze kuongea na watoto wangu" inamsaidia sana.

Muulize pia nadharia kwa ufupi, inatosha hivi: nyuzi mbili zinagongana pumzi ikipita, za mwanamke kama mara 200 kwa sekunde, za mwanaume chini kidogo ya 130. Dakika moja ya mwalimu wa kike kusema bila kupumua ni migongano 12,000. Tiba yote ni kuzifanya zigongane kwa upole huku sauti ikiendelea kufika mbali.

Hatua ya 5: Mrija na glasi

Hili ndilo zoezi watu wengi hupewa mwanzo, na ndilo nitakalolikalia, maana linaonekana la kitoto mpaka watu wanalifanya ovyo.

Jaza glasi maji nusu. Kaa wima, mabega yameshuka. Tumbukiza ncha ya mrija kwenye maji kama upana wa kidole gumba, sentimita 2 hivi. Midomo izunguke mrija vizuri, pumzi isitoroke pembeni wala puani. Sasa:

a) Puliza bila sauti. Mapovu yatoke taratibu, yakifuatana, kama uji unaoanza kuchemka. Yakiruka nje ya glasi umepuliza kwa nguvu.

b) Puliza tena, safari hii na sauti, "uuuu", ya kawaida, si juu si chini. Mapovu yaendelee vilevile. Utasikia mtetemo midomoni na mashavuni. Kooni usisikie kitu. Ukisikia kubanwa kooni, punguza.

c) Ipandishe sauti polepole kutoka chini kwenda juu, kama king'ora cha mbali, kisha ishushe. Pale inapokatika, usiilazimishe. Pita tu, itaunganika siku zijazo.

d) Imba wimbo unaoujua ndani ya mrija. Mimi nilitumia wimbo wa taifa, kwa sababu nausikia kila asubuhi mstarini.

e) Toa mrija, na papo hapo sema sentensi moja kwa hisia ileile ya midomo kutetemeka. Hapa ndipo zoezi lilipo. Mtu anayepuliza mapovu dakika kumi kisha akageuka kumfokea mtoto kwa sauti yake ya zamani amechezea maji tu.

Fanya dakika mbili tatu, mara nne au tano kwa siku. Kidogo cha mara kwa mara kinashinda nusu saa ya mara moja usiku. Badili maji, osha mrija, kila mtu awe na wake.

Siku moja nilikosa mrija nikakata bua la jani la mpapai, lile tulilokuwa tunanywea maji utotoni. Linafanya kazi, ila utomvu wake uliniwasha midomo jioni nzima. Mtaalamu alicheka, kisha akanikataza. Mrija ukikosekana, tetemesha midomo "brrrr", kama mtoto anayeendesha gari la mabua. Kazi ni ileile.

Hatua ya 6: "Mmm" mpaka neno

Funga midomo, meno yaachane kidogo ndani, kama unaonja mchuzi ukaukubali: "mmm". Weka kidole puani pembeni. Pakitetemeka, uko sawa. Kisha fungua: mmma, mmme, mmmo. Halafu maneno. Kiswahili kimetupendelea hapa, m na n zimejaa: mama, mume, mwana, namna, maembe, mnanaa. Sentensi yangu ilikuwa "Mama Mwamini ana maembe manane." Tena salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi yenyewe inaanza na sauti hiyo, ukimsalimia bibi wa jirani "Mwangaluka" taratibu, umeshafanya zoezi bila yeye kujua.

Kosa la hapa ni kusemea puani. Ukibana pua na sauti ikabadilika kwenye "mama" ni kawaida, ila ikibadilika kwenye "baba kapika" umeipeleka puani. Mrudie mtaalamu akurekebishe.

Hatua ya 7: Peleka darasani, sokoni, madhabahuni

Mtaalamu atakupa sauti ndani ya chumba kimya. Kuitoa nje ni juu yako, na nje ndiko wengi tunakoshindwa. Anza na jambo moja dogo kwa wiki. Wiki ya kwanza nilichagua kuita majina ya mahudhurio tu. Hayo tu, kwa sauti mpya. Wiki ya pili nikaongeza kusoma kitabu. Kufoka nikakuacha mwisho, na kwa kweli mpaka leo nafoka kwa makofi.

Mwalimu mwenzangu: usinyamazishe darasa kwa koo. Piga makofi ya mpangilio, wao wajibu. Tumia kengele. Nenda karibu na dawati la nyuma badala ya kulirushia maneno kutoka ubaoni. Usiseme ukiandika ubaoni. Vumbi la chaki linakuingia na hakuna anayekusikia. Vile vipaza sauti vidogo vya kufunga kiunoni vinasaidia kweli kama shule au wewe unaweza kununua.

Mwanakwaya: omba spika moja iwaelekee nyinyi, maana asiyejisikia hupiga kelele. Muadhini au mhubiri mwenye kipaza sauti: kama kipo, kiachie kazi yake, usishindane nacho. Mfanyabiashara wa karibu na mashine ya kusaga: toka nje mpatane bei.

Pikipiki: nyamaza. Habari zitasubiri kituoni.

Hatua ya 8: Vikao vya simu

Rekodi kila wiki kifungu kilekile, chumba kilekile, simu ikiwa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni. Ukirekodi leo chooni na kesho uwanjani, hakuna cha kulinganisha. Siku ya kikao zima feni, funga dirisha, tafuta sehemu yenye mtandao mzuri. Kaa ili shingo na mabega vionekane, maana mtaalamu hatazami uso. Anatazama mabega yakipanda unapovuta pumzi. Mtandao ukikatika, tuma rekodi kwa WhatsApp na mwendelee kesho.

Na sema ukweli kama hukufanya mazoezi. Wiki ya tano nilikuwa na usimamizi wa mitihani, sikugusa mrija. Nilijaribu kuzugazuga. Alinisikia ndani ya sentensi mbili.

Asali, pipi kifua na mengine ya mtaani

Huku Tabora huwezi kuzungumzia koo bila asali. Ipo, ni nzuri, inatuliza kikohozi, na mimi mwenyewe natia kwenye chai. Ila haigusi nyuzi za sauti. Unachomeza kinapita njia ya chakula, na nyuzi ziko kwenye njia ya hewa, kingezigusa ungepaliwa. Kwa hiyo asali, tangawizi, yai bichi la wanakwaya, vyote havipaki nyuzi mafuta. Asali usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja, kwa kukohoa wala kwa kingine.

Pipi kifua inapoza, halafu inakausha, na ubaya wake ni kukudanganya koo limepona ukaendelea kupiga kelele. Mafuta ya taa ni sumu; yakiingia mapafuni yanaua. Nimesikia mtu akiyashauri kwa uso mkavu kabisa.

Maji yanasaidia, kwa kunywa kidogokidogo siku nzima, hasa kiangazi vumbi likianza. Kunong'ona hakusaidii: watu wengi wakinong'ona hukaza koo zaidi. Ukitaka kupumzika, sema kidogo kwa sauti laini, au nyamaza. Na kule kujikohoza "khm, khm" kila dakika ni kuzigonganisha nyuzi kwa nguvu. Meza mate au piga funda la maji badala yake. Kuacha tabia hiyo kulinichukua muda mrefu kuliko zoezi lolote.

Mambo yakikwama

Napata kizunguzungu nikipuliza mrija. Unapuliza sana na kuvuta pumzi haraka. Kaa, pumzika, rudi na mapovu madogo.

Koo linauma baada ya zoezi. Zoezi sahihi halileti maumivu. Simama hapo, rekodi unavyofanya, mtumie mtaalamu kabla ya kuendelea.

Asubuhi nakwaruza, mchana nafunguka. Inaweza kuwa tindikali inayopanda usiku. Kula mapema, upite muda wa saa tatu ndipo ulale, inua upande wa kichwa wa kitanda, na mwambie daktari. Ugali wa saa nne usiku na kulala saa nne na nusu nimeuacha, kwa huzuni.

Asubuhi nzuri, jioni imekwisha. Hiyo ni ya matumizi. Rudi kwenye daftari utafute saa inayokuharibia.

Natumia dawa ya pumu ya kuvuta. Usiiache. Sukutua maji na uteme kila baada ya kuitumia, na umweleze mtaalamu.

Nikikohoa au nikicheka sauti inatoka, nikitaka kusema haitoki. Huo si uigizaji wala si uchawi. Mara nyingi ni misuli iliyosahau njia, wakati mwingine baada ya mafua makali au mshtuko, na ni miongoni mwa matatizo yanayojibu tiba haraka. Nenda, na ndugu zako wakuache na maneno yao.

Wamesema nifanyiwe operesheni, je, niache mazoezi? Vinundu kwa kawaida hujaribiwa mazoezi kwanza. Aina nyingine za uvimbe huhitaji kisu, lakini hata hapo mtaalamu wa sauti anahitajika kabla na baada. Anayetolewa sugu akarudi kushika jembe vilevile atapata nyingine. Baada ya operesheni fuata siku za kunyamaza ulizopewa na daktari, usizipunguze wala usizirefushe.

Nimefanya wiki sita kwa uaminifu, hakuna mabadiliko. Rudi kwa daktari wa masikio, pua na koo, achungulie tena. Usijilaumu kabla hajaangalia.

Sauti imerudi lakini naiona si yangu. Yangu iliyokuwa "yangu" ilikuwa ya mgonjwa kwa miaka minne. Ilinichukua kama mwezi kuizoea hii. Mume wangu alidhani nimekasirika.

Wenzangu ofisini wananicheka nikipiga mapovu. Wataendelea. Kwetu walinicheka wiki mbili nzima, wakaniita Mama Soda. Wiki ya tatu mwalimu wa michezo akanifuata peke yake wakati wa mapumziko, akaufunga mlango, akaniomba mrija.